Mama yuko likizoni, ushuru haujaenda likizo

MWANAMKE anayechuma waridi katika vivungulio vya maua kando ya barabara ya South Lake, Naivasha, anapojifungua na kuanza likizo ya miezi mitatu, maswali mawili humfuata hadi chumbani kwake Karagita au Kamere. La kwanza ni iwapo mshahara utaingia mwisho wa mwezi. La pili huzuka pale mshahara unapoingia ukiwa umepungua: kwa nini akatwe ilhali hakukanyaga kazini?

Swali hilo la pili haliulizwi Naivasha pekee. Huulizwa na walimu wa shule za kibinafsi za Njoro na Molo, na wauguzi, na makarani wa benki zilizojipanga Kenyatta Avenue mjini Nakuru. Wengi huamini kwamba malipo ya likizo ya uzazi ni msaada kwa mama na mtoto, na kwamba msaada hautozwi ushuru. Imani hiyo si ya kipuuzi, kwani zipo nchi ambako ina ukweli ndani yake. Nchini Kenya haina, na anayetaka kuelewa sababu yake hana budi kufungua sheria mbili tofauti ambazo watu wachache huzisoma kwa pamoja.

Sheria ya kwanza ni ile ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008. Sehemu yake ya 29 inampa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mfanyakazi wa kiume likizo ya wiki mbili mkewe anapojifungua, nayo kwa mshahara kamili. Mama anatakiwa kumwarifu mwajiri kwa maandishi angalau siku saba kabla ya kuondoka, au kwa muda mfupi zaidi ikiwa hali haikumruhusu, na mwajiri akitaka, aonyeshe cheti cha daktari au mkunga. Likizo ikiisha ana haki ya kurudi kwenye kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya awali.

Wakongwe wa mashamba ya chai na pareto watakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Chini ya sheria ya awali ya ajira, iliyotungwa miaka ya sabini, likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili tu, na mwanamke aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Kwa maneno mengine, kuzaa kulihesabiwa kama mapumziko. Sheria ya 2007 ilifuta adhabu hiyo: siku 21 za likizo ya mwaka hubaki pale pale, na mama anaweza kuziunganisha na miezi yake mitatu kwa maelewano na mwajiri.

Jambo ambalo sheria hiyo haikulifanya ni kuunda hazina ya kulipia likizo. Anayelipa ni mwajiri, kutoka mfukoni mwake, kupitia hati ile ile ya mshahara. Hazina ya Kitaifa ya Uzeeni (NSSF) hailipi chochote kwa mama aliye likizoni. Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, hushughulikia gharama za matibabu na kujifungua hospitalini, si mshahara. Hapo ndipo kiini cha suala zima la ushuru kilipo.

Sheria ya pili ni Sheria ya Ushuru wa Mapato, iliyoanza kutumika Januari 1974. Sehemu yake ya 5 inaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa mapato ya ajira. Mishahara imo, marupurupu yamo, bonasi zimo, na katikati ya orodha hiyo yametajwa waziwazi malipo ya likizo na malipo ya wakati wa ugonjwa. Sheria haikutofautisha likizo ya kupumzika na likizo ya kulea. Maadamu fedha zimetoka kwa mwajiri kwa sababu ya ajira, ni mapato, na mwajiri analazimika kukata ushuru wa PAYE na kuuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mhasibu wa shamba la maua anayekata ushuru wa mama aliye likizoni hamwonei. Asipokata, yeye na mwajiri wake ndio watakaodaiwa.

Wenzetu wa nje

Tofauti ya nani analipa ndiyo inayoeleza kwa nini Mkenya aliye ng'ambo anaweza kumwambia dadake wa Nakuru kwamba kwao malipo ya uzazi hayakatwi ushuru, na asiwe anasema uongo. Nchini Uingereza kuna malipo ya aina mbili. Yapo yale ya kisheria yanayopitia kwa mwajiri, ambayo hutozwa ushuru kama mshahara wowote. Ipo pia posho ya uzazi inayotolewa na serikali kwa wanawake wasiotimiza masharti ya malipo hayo, wakiwemo wengi wanaojiajiri, nayo haitozwi. Wanawake wawili wanaweza kujifungua siku moja katika wodi moja, mmoja akakatwa na mwingine asikatwe, kwa sababu tu fedha zao zimepitia milango tofauti.

Marekani mambo yana ngazi zaidi. Jimbo la California lilianza kulipa likizo ya kifamilia Julai 2004, kutokana na mfuko unaochangiwa na wafanyakazi wenyewe. Jimbo hilo halitozi malipo hayo ushuru wake wa mapato, lakini serikali ya kitaifa huyatoza. Kwa hivyo mfanyakazi mmoja hujaza fomu mbili za ushuru, na fedha zile zile huonekana kwenye moja na kukosekana kwenye nyingine.

Baada ya ugatuzi wa 2013, kuna waliodhani kwamba Kenya nayo ingefika huko, na kwamba kaunti zingejipatia ushuru wao wa mishahara. Katiba ya 2010 iliziba njia hiyo mapema. Kifungu cha 209 kinasema kwamba ni serikali ya kitaifa pekee inayoweza kutoza ushuru wa mapato, pamoja na ule wa thamani ya bidhaa, forodha na bidhaa maalumu. Kaunti zimeachiwa kodi za ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na mwingine wowote ambao Bunge litaziruhusu. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, hadhi hiyo haikubadilisha hati ya mshahara ya mtu hata kwa senti moja. Mama wa Gilgil na mama wa Mombasa hutozwa kwa jedwali moja.

Majirani nao wana taratibu zao. Tanzania ina siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja, na mfuko wake wa NSSF una mafao ya uzazi. Uganda inatoa siku 60 za kazi, mzigo ukiwa kwa mwajiri kama Kenya. Rwanda ndiyo iliyochukua hatua iliyo tofauti zaidi: mwaka 2016 ilianzisha mpango ambamo mwajiri na mwajiriwa kila mmoja huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, na mfuko wa hifadhi ya jamii hubeba sehemu ya mwisho ya likizo. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika mkataba wake nambari 183 wa mwaka 2000, linapendelea njia ya namna hiyo, ambapo gharama haiangukii mwajiri mmoja mmoja. Siku Kenya itakapofuata mkondo huo, itabidi Bunge liamue upya iwapo fedha zitokazo kwenye mfuko ni mapato ya ajira au ni mafao. Mpaka hapo, jibu ni lile la 1974.

Hesabu mezani

Mjadala huu huwa mwepesi zaidi kueleweka kwa tarakimu. Chukulia mfanyakazi wa shamba la maua anayepata Sh15,000 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwemo. Akiwa likizoni hukatwa asilimia 6 ya NSSF, ambayo ni Sh900. Hukatwa asilimia 2.75 ya SHIF, yaani Sh412.50, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu, yaani Sh225. Tangu mwisho wa Desemba 2024, makato yote matatu huondolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa, hivyo kinachobaki mbele ya PAYE ni Sh13,462.50.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, hadi mtu afike Sh500,000 ambapo viwango hupanda tena. Asilimia 10 ya Sh13,462.50 ni Sh1,346.25. Lakini kila mkazi wa Kenya ana nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi, ambayo huondolewa kwenye ushuru wenyewe. Nafuu hiyo inameza deni lote. Mama huyu halipi PAYE hata shilingi moja. Kilichopunguza mshahara wake ni yale makato matatu, jumla Sh1,537.50, na hayo yangekatwa hata kama angekuwa kivunguliioni na mkasi mkononi.

Ni vyema kusema hapa kwamba wafanyakazi wengi wa mashambani wanaolalamikia "ushuru wa likizo" kwa hakika hawalipi ushuru wa mapato kabisa. Wanalipa michango. Nayo ina faida ambayo haionekani upesi: mwajiri huongeza asilimia 6 yake kwenye NSSF, kwa hivyo akiba ya uzeeni ya mama haikatiki kwa sababu ya uzazi, na kadi yake ya afya haifungwi katika miezi ile ile ambayo mtoto mchanga huhitaji kliniki.

Mambo hubadilika mshahara unapopanda. Mwalimu anayelipwa Sh45,000 atakatwa Sh2,700 za NSSF, Sh1,237.50 za SHIF na Sh675 za nyumba. Zinabaki Sh40,387.50. Ushuru wake kwa madaraja matatu ni Sh2,400, Sh2,083.25 na Sh2,416.35, jumla Sh6,899.60. Ukiondoa nafuu ya Sh2,400, PAYE ni Sh4,499.60. Kabla ya mkopo wa chama cha akiba au deni lingine lolote, mkononi atapata Sh35,887.90, kiasi kile kile alichokuwa akipata kabla ya likizo. Akipata kidogo zaidi ya hapo, lazima kuwe na sababu nyingine, na ana haki ya kuielezwa. Pengine ni saa za ziada alizokuwa akilipwa na ambazo hakuzifanya akiwa likizoni. Pengine mwajiri ameamua kwa siri kwamba "mshahara kamili" ni nusu yake. Sababu ya kwanza inaeleweka. Ya pili ni kosa.

Fedha za mkupuo

Mtego mkubwa zaidi, na ambao husemwa kwa nadra, uko katika wema wa mwajiri. Wapo waajiri wanaoona ni vizuri kumlipa mama mishahara yote mitatu kwa pamoja siku anayoondoka, ili apate fedha za kujitayarisha. Mama naye hufurahi, kwani hospitali, nguo za mtoto na nauli ya kwenda kwa wazazi huja kwa wakati mmoja.

Rudi sasa kwa yule mchumaji waridi wa Sh15,000. Akilipwa miezi mitatu kwa mkupuo, mfumo wa mishahara utaona mtu wa Sh45,000 katika mwezi huo mmoja. Utampandisha hadi daraja la asilimia 30, utampa nafuu ya mwezi mmoja tu, na utakata Sh4,499.60, sawasawa na yule mwalimu. Miezi miwili inayofuata hatakuwa na mshahara, na nafuu za miezi hiyo hazitatumika. Badala ya kubaki na Sh40,387.50 kwa miezi mitatu, atabaki na Sh35,887.90. Tofauti hiyo ni karibu thuluthi moja ya mshahara wake wa mwezi baada ya makato.

Fedha hizo hazijapotea, ila hazirudi zenyewe. Ushuru wa mapato nchini hupimwa kwa mwaka mzima. Makato ya kila mwezi ni njia tu ya kuukusanya kidogo kidogo. Kwa mwaka, nafuu ya kibinafsi ni Sh28,800 na daraja la kwanza ni Sh288,000. Mapato ya mchumaji huyo baada ya michango ni Sh161,550 kwa mwaka, na ushuru wake ni Sh16,155, chini kabisa ya nafuu. Kwa hivyo Sh4,499.60 zote zilikatwa bila kustahili. Ili kuzidai, ni lazima awasilishe ritani ya mwaka kupitia mtandao wa iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, akitumia fomu ya P9 ambayo mwajiri humpa, kisha aombe kurudishiwa. Wafanyakazi wengi wa mishahara ya chini huwasilisha ritani haraka haraka katika siku za mwisho za Juni, mara nyingi kwa mtu wa saiba anayeandika sufuri kila mahali ili foleni isonge. Ritani ya sufuri kwa mtu aliyekatwa PAYE ni kuitupa haki yake, na tena ni taarifa ya uongo.

Njia nyepesi zaidi ni kumwomba mwajiri, kabla ya likizo kuanza, aendelee kulipa kila mwisho wa mwezi. Akitaka kusaidia mapema, anaweza kumpa mfanyakazi malipo ya kabla ya wakati na kuyakata kidogo kidogo, huku hati ya kila mwezi ikionyesha mshahara wa mwezi huo.

Hali nyingine inayozaa madai ya aina hiyo ni ya mama anayeongeza likizo bila malipo. Miezi mitatu ikiisha na mtoto bado ni dhaifu, mwajiri anaweza kumkubalia akae zaidi bila mshahara. Mwalimu wa Sh45,000 akikaa miezi miwili ya ziada, atakuwa amelipwa miezi kumi tu mwaka huo, na kukatwa PAYE ya Sh44,996. Hesabu ya mwaka inaonyesha kwamba alipaswa kulipa Sh29,762.50. Kuna Sh15,233.50 anazoweza kudai, fedha zinazotosha kumlipa yaya kwa muda.

Hospitali, zawadi na kina baba

Si kila kinachotoka kwa mwajiri wakati wa uzazi hutozwa. Bima ya matibabu ambayo mwajiri humlipia mfanyakazi wa kudumu, ikiwemo gharama ya kujifungua, haihesabiwi kuwa mapato yake. Lakini mwajiri akimpa fedha taslimu na kuziita marupurupu ya matibabu, zinatozwa. Mchango wa wafanyakazi wenzake, wanaopitisha bahasha mezani au kukusanya kwa M-Pesa, si mapato ya ajira na hauna ushuru. Mama mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha wa ushuru hubaki nacho likizoni kama kazini: Sh150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi.

Kina baba hawana mengi ya kuhesabu. Wiki zao mbili ziko ndani ya mshahara wa mwezi na hukatwa kama siku nyingine. Kadhalika mfanyakazi anayeasili mtoto: marekebisho ya mwaka 2021 yalimpa mwezi mmoja wa likizo kwa mshahara kamili, kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa kwake, na malipo hayo yanatozwa vivyo hivyo.

Wasio na hati

Yote yaliyotangulia yanamhusu mwanamke mwenye hati ya mshahara. Katika Bonde la Ufa la kati, wengi hawana. Msimu wa maua ya siku ya wapendanao mwezi Februari na siku ya kina mama mwezi Machi nchini Uingereza huleta vibarua wengi Naivasha, na mashamba ya viazi na mahindi ya Molo, Bahati na Subukia huajiri kwa siku. Kibarua akijifungua, kwa kawaida jina lake hufutwa tu kwenye daftari la msimamizi.

Hata hivyo, sheria haimwachi kama inavyodhaniwa. Sehemu ya 37 ya Sheria ya Ajira inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kukamilika ndani ya miezi mitatu, ajira yake hugeuka kuwa ya mkataba. Akiendelea kwa miezi miwili au zaidi, anastahili masharti ambayo angepewa kama hakuanza kama kibarua, likizo ya uzazi ikiwemo. Ugumu ni ushahidi. Mwajiri mjanja humsimamisha kibarua kwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha humrudisha. Rekodi za malipo ya M-Pesa na michango ya NSSF au SHIF iliyowahi kuwasilishwa zina uzito mkubwa katika mizozo kama hiyo, na hapa ndipo makato yanayochukiwa hugeuka kuwa ngao: mtu aliyekatwa michango kwa miezi sita mfululizo si rahisi kuambiwa kwamba hakuwa mfanyakazi.

Kumfuta mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito, au sababu yoyote inayoambatana nao, ni kinyume cha sheria hiyo hiyo. Malalamiko huanzia kwa afisa wa leba au kwa chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, na yasipotatuliwa hufika katika mahakama ya masuala ya ajira na leba, iliyo na kituo Nakuru.

Upande wa mwajiri

Waajiri nao wana lao. Mwenye duka la jumla au hoteli ndogo aliye na wafanyakazi watano, mmoja akienda likizo, humlipa aliyeondoka na aliyeshika nafasi yake. Kampuni inayolipa ushuru wa asilimia 30 kwa faida yake huhesabu mshahara wa likizo kama gharama ya biashara. Likizo ya yule wa Sh15,000, iliyogharimu Sh45,000, huipunguzia kampuni yenye faida ushuru wa Sh13,500. Kwa maana hiyo serikali hubeba sehemu ya mzigo bila kutangaza.

Mfanyabiashara mdogo hana bahati hiyo. Anayelipa ushuru wa mauzo, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, hutozwa kwa kila kilichoingia bila kuondoa gharama yoyote. Akiuza bidhaa za Sh6 milioni atalipa Sh180,000, awe alikuwa na mfanyakazi likizoni au hakuwa naye. Anayeweza kubeba mzigo kwa urahisi zaidi ndiye anayepunguziwa, na mdogo hubaki nao wote. Haishangazi basi kwamba ni katika biashara hizo ndogo ndiko msichana wa kazi huulizwa kwa chinichini kama ameolewa na kama ana mpango wa kupata mtoto karibuni, ingawa kumnyima kazi kwa sababu ya ujauzito kumekatazwa.

Kwa mama aliye likizoni sasa, hatua ni chache. Adai hati ya mshahara ya kila mwezi wa likizo na ailinganishe na ya mwezi wa mwisho aliofanya kazi. Aangalie kama PAYE iliyokatwa imefika kwa KRA, jambo linaloonekana kwenye akaunti yake ya iTax, na kama michango ya NSSF na SHIF imefika kwa majina yake. Januari ikifika aombe fomu ya P9. Asiye na intaneti anaweza kuhudumiwa katika kituo cha Huduma Centre mjini Nakuru, akiwa na kitambulisho na nambari yake ya PIN. Anayechelewesha ritani kupita Juni 30 hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, na kwa mchumaji waridi wa Sh15,000 faini hiyo ni karibu nusu ya fedha alizokuwa akienda kuzidai.